Twiga Anayelala Kabatini

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, ila mimi leo situlii kitini. Kile kitabu cha watoto ninachokichora, cha twiga anayelala kabatini, mhariri anakisubiri na brashi haishikiki. Viatu ulivyomtumia mwanao vinambana. Anakua huyo kama amemwagiwa mbolea.

Jana alinikosoa. "Mama mkubwa, mama yake twiga umekosea kumchora. Ana miguu ya nini? Mama anakaa kwenye simu."

Nikacheka, nikamchora upya, ndani ya simu. Mtoto hakucheka. Akakunja uso: "Mchoree na chaja, asije akazimika."

Tangu hapo nainuka, nakaa, nainuka tena. Viatu vingine usitume, mdogo wangu. Njoo wewe, na hiyo miguu yako, aione.

Ni mimi dada yako, vidole vyote rangi.