Shemeji wa Mfalme

Menotomi, Massachusetts
11 Juni 1775

Kaka yangu Barzilai,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana nasikia Boston imezingirwa na chakula ni haba. Huku ng'ombe wetu mwekundu amezaa, na maharage yamechipua vizuri.

Tangu ulipoanza kumtozea Mfalme ushuru bandarini, majirani walimwita mume wangu "shemeji wa Mfalme". Asaheli alikuwa akicheka tu. Kisha wakaacha kununua viatu alivyoshona, na kanisani hakuna aliyekaa nasi benchi moja.

Siku ile ya Aprili, askari wa Mfalme walipokuwa wakirudi Boston kwa barabara yetu, Asaheli aliitungua bunduki ukutani. Nikamwambia, "Baba, vita hivi si vyako."

Akanijibu, "Nimechoka kuulizwa mimi ni wa nani, Jerusha."

Walimpiga risasi nje ya bustani ya jirani. Tulimzika Ijumaa.

Sasa wananisalimia wote. Kezia, aliyekuwa akinipa mgongo kisimani, huniletea mkate wa mahindi. Jana aliniuliza, "Mwenzangu, yule kaka yako bado yuko kwa Waingereza?"

Nikamwambia, "Mimi sina kaka."

Akanishika mkono, tukateka maji pamoja. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni bila kuwasha moto.

Nimeona heri uyasikie haya kutoka kwangu. Tafadhali usinijibu, kwani sina pengine pa kuishi ila hapa, na hawa ndio watu niliobaki nao.

Ni mimi, dada yako,
Jerusha