Lori la Baba Haliuzwi

Chumbageni, Tanga

Ami Asaad, shikamoo.

Huku tunaendelea. Baba bado hajaweza kusema tangu apooze, ila uji anakunywa vizuri.

Jana nilifuata nazi Kigombe na lori lake. Saud, uliyemtuma aje kulichukua, aling'ang'ania twende wote. Nilizima tupakie, nilipowasha tena likagoma, kama kawaida yake likishapata moto.

"Injini imekufa, Afra," Saud akasema. "Mwache Ami aliuze chuma chakavu."

Nikajaribu tena. Stata ilikuwa ikizungusha injini vizuri. Nikalowesha kanga, nikaifunika pampu ya dizeli, nikaimwagia maji mpaka ikapoa. Kupiga ufunguo tu, likawaka! Kumbe pampu ndiyo iliyochoka. Ikipata moto haisukumi mafuta. Injini ni nzima.

Nilipomsimulia Baba, aliubana mkono wangu kwa mkono wake ulio mzima, hakutaka kuuachia.

Umeandika kwamba liuzwe kwa kuwa mwenyewe hawezi tena kuendesha. Ni kweli hawezi, Ami. Lakini yu hai, na mimi naendesha. Pampu inafunguliwa Jumatatu ikatengenezwe. Saud nimempandisha basi leo, mikono mitupu. Mnunuzi wako mwambie atafute lori jingine.

Binti wa kaka yako,
Afra