Majivu ya Mama

Jumanne, Miyuji

Nimemkatalia fundi seremala, na bado nina hasira. Kabati la kuoteshea mlenda ndani ya nyumba, yeye anataka kulipaka oili chafu ya gari!

"Mchwa wa Dodoma huwajui, dada," akaniambia.

Nawajua. Lakini harufu ile, na joto la taa za kuoteshea humo ndani, halafu majani tuje tuyale? Nimechagua mbao tupu.

Kule Kondoa, mama alimwaga majivu kuzunguka miguu ya kichanja cha miche, na mchwa hawakupanda. Mbegu hizi za mlenda ndizo za mwisho alizonikaushia kabla hajafariki. Naogopa kuzipoteza.

Jioni nilichukua kopo nikachote majivu jikoni. Nikajikuta nimesimama mbele ya jiko la gesi.