Kaseti ya Tatu ya Marehemu Ana Njaa

Kaka yangu Marashi,

Nakuita hivyo kwa kuwa ndilo jina ulilojipa ulipoanza kuimba. Lile la baba ulishalikunja ukalitia mfukoni. Ni mi, Idi mdogo wako, niliyeacha shule darasa la tano, lakini barua hii utaisoma mara mbili. Sikuifunga. Mabaharia wa Kigoma wakitaka waisome njiani, siri zako zimenichosha.

Unakumbuka tulivyoanza? Vita vilikuwa vimefunga mabaa, hakuna anayekuita kuimba. Ukasema, "Kama watu hawawezi kucheza, basi watacheka." Ukamchukua Rajabu, fundi wa video za harusi, tukapiga filamu kwenye depo tupu, ghala la kule viwandani, Zone Industrielle. Mtu anajifanya amekufa ili asioe mke wa pili. Halafu ananusa pilau ya matanga, anaketi jenezani, anadai sahani. Marehemu Ana Njaa. Hadithi yako, vichekesho vyangu, na usikatae.

Ikabaki siku ya jeneza, marehemu anapopelekwa makaburini. Ulitaka njia ya kweli, mtaani kwetu Buyenzi, Ijumaa baada ya swala.

"Kwa nini saa hiyo?" nilikuuliza.

"Mwanga ni muzuri."

Mwanga gani, kaka? Jua la saa saba linapiga utosini, hata Rajabu alilalamika. Saa hiyo ndiyo baba hutoka msikitini, na njia yake ni ile ile. Mi si mjinga, nilihesabu tu kwa kuchelewa.

Tukatoka sita, wewe jenezani chini ya shuka, Rajabu kajificha juu ya paa na kamera yake. Nikasahau, mi mtoto wa Buyenzi: jeneza likipita, hakuna anayeuliza ni la nani. Unatoa bega. Mafundi wa baiskeli wakaacha magurudumu barabarani, mshona nguo akaja na futi shingoni. Miaka ile watu walikuwa wamezoea kuzika. Kufika duka la pili tumeshanyang'anywa jeneza letu, na mi nacheka ndani ya kola.

Ndipo baba akaingia, mbele, upande wa kulia. Baba aliyeapa hatakanyaga penye upuuzi wako. Alikubeba, kaka, huku anakusomea dua. Akanigeukia.

"Ni mutoto wa nani?"

"Mutoto wa watu, baba."

"Masikini. Mungu ampe baba yake subira," akasema, akaliweka jeneza vizuri begani.

Kicheko kilinikauka. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia.

Kwenye kona ukaketi na shuka yako: "Pilau iko wapi?" Walioliacha jeneza ni wengi, ukaangukia makalio, na askari wa bariera, pale kwenye kizuizi cha njia, akainua bunduki kabla hajaanza kucheka. Wengine wakatutukana mpaka mama. Baba hakutukana. Alivua kofia, akapangusa bega lake kwa kofia hiyo, akakutazama, akaenda. Wiki ile ile ukapanda boti na kaseti tatu, eti montaji, kuunganisha picha, iko Kigoma.

Baba alipofariki kwa presha nilikutumia habari kwa wabeba mizigo wa bandari. Ukajibu boti zimesimama kwa sababu ya mapigano. Wabeba mizigo hao hao wananiambia wiki ile walishusha mawese botini mpaka wakachoka. Nimwamini nani?

Sasa filamu imefika. Imeonyeshwa kwenye ukumbi wa video Jumamosi mchana, nimekaa mbele kama bwana harusi, nimewaambia wote, "Tulieni, mtaniona." Marehemu anatoka mlangoni, mara yuko makaburini. Njia hakuna. Mi hakuna. Mshona nguo alikuja na watoto wake wamwone baba yao. Wakaniuliza kama na mi nilikuwa mwongo.

Umeandika kwamba kaseti ya tatu, ile ya njia, iliingia maji ziwani. Lakini hizi mbili ulizonirudishia pamoja na filamu zilisafiri sanduku moja nayo, na gazeti ulilozifungia siku ile halina hata doa. Maji gani hayo yanayochagua?

Nimefikiri mambo mawili. Labda uliifuta kwa aibu. Au unayo, unafunga mlango, peke yako unamwangalia baba akikubeba. Hilo la pili ndilo ninalolishuku zaidi, na ndilo linaloniuma zaidi.

Picha za baba ziko mbili, zote za kitambulisho, kakakamaa kama kijiti. Anatembea kwenye kaseti ile tu. Filamu kaa nayo, sifa kaa nazo, hata vichekesho vyangu nimekusamehe. Nataka kipande cha kutoka duka la pili mpaka kwenye kona, kabla hujaketi.

Na kama uliifuta, andika kwa mkono wako: niliifuta. Usinitajie ziwa tena.

Siku ya kumzika baba, mbele kulia mwa jeneza ni pa mtoto mkubwa. Watu walipaacha wazi, wakawa wanatazama njia ya bandarini. Wakachoka kungoja, nikaingia.

Mdogo wako, bega la mbele kulia.