Duara Lililonigeuzia Mgongo

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Najua umeshaitikia marahaba kabla hujakaa vizuri, na kwamba Neema ndiye anayekusomea kwa sababu miwani yako imepotea tena. Neema, soma polepole, usiruke mahali. Habari za nyumbani? Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa au bado anawasumbua? Na ile migomba niliyoiacha imeinama, nani ameiwekea miti ya kuegemea? Huku mjomba ni mzima, anakohoa vumbi la maboksi kama kawaida yake, na anakusalimu sana wewe dada yake.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, kwenye simu siwezi. Nikipiga bado natarajia apokee baba, maana simu ya nyumbani ilikuwa yake, na wewe ukipokea tunaulizana hali mara tatu halafu tunaagana. Juzi uliniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Basi nimesikia dada Anjela anapanda basi kesho kuja huko, nimemwomba abebe barua hii pamoja na ndoo mbili alizokupa mjomba.

Nikuambie hali yangu ilivyokuwa. Tangu nirudi kutoka kumzika baba nilikuwa sisikii kitu. Sikuwa na huzuni kubwa, huzuni ningeijua. Ilikuwa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mwili mzima. Asubuhi nafungua duka, napanga ndoo na mabeseni nje, wateja wa mikoani wanakuja, tunabishana bei, nafunga mizigo kwa kamba, jioni nateremsha mlango wa bati. Chakula cha mama ntilie nanunua, nakitazama, nampa mlinzi. Mteja mmoja alinitukana matusi mazito kwa sababu ya beseni lenye ufa, nikamshukuru nikamkaribisha tena. Mjomba alicheka, halafu akaacha kucheka akabaki ananitazama.

Sasa nikueleze habari ya duara, maana ndiko yote yalikotokea. Wewe unaziita kelele za Jumapili, na sikulaumu. Ni hivi: Jumapili alasiri, maduka mengi yakiwa yamefungwa, vijana tunakusanyika kwenye baraza la duka la mjomba na kusimama mviringo. Mmoja anaingia katikati anachana, yaani anaghani mistari yake yenye vina juu ya mdundo. Akimaliza anaingia mwingine. Hakuna kiingilio wala pombe. Tulilianzisha mimi na Salum, yule kijana wa Kiarabu wa duka la udi na manukato linalotazamana na letu. Unamkumbuka, alikuja nyumbani Krismasi akala kiburu chako cha ndizi na maharage mpaka akalala kwenye kochi la baba.

Sheria ya duara ni moja. Mistari itoke kichwani. Ukitoa karatasi au simu ukaanza kusoma, duara zima linakugeuzia mgongo mpaka utoke katikati. Hakuna kuzomea, hakuna tusi, ni migongo tu. Sheria hiyo niliitunga mimi, na wewe unajua niliitoa wapi. Umeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya baba miaka yote, unakumbuka alivyokuwa akikusanya vitabu vya nyimbo mlangoni kabla ya mazoezi, hata cha mke wa mchungaji hakukiacha. Mimi nikauleta ukali wake Kariakoo. Ile nusu yake nyingine sikuileta, na nitaifikia.

Niliporudi kutoka msibani niliandika mistari juu ya baba. Niliiandika nimekaa juu ya maboksi, kwa wepesi tu, kama mtu anayeandika bei. Shida ikawa kuishika. Mimi huyu, ambaye zamani nilikuwa nachana kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi bila kurudia ubeti, sasa nikifika mstari wa tatu kichwa kinakuwa cheupe. Nilijaribu nikifagia, nikajaribu nikioga, wapi.

Jumapili wakaniita katikati kwa pole nyingi. Nikatoa simu. Nilijua ninachofanya. Salum aligeuka wa kwanza, halafu wengine mmoja mmoja, baadhi wakiangalia chini kwa aibu. Aliyebaki ananitazama alikuwa Zuwena peke yake, yule msusi wa Magomeni niliyekusimulia, ambaye akianza kuchana wanaume wanasogea nyuma. Nikaisomea migongo ile mpaka mwisho. Sehemu moja nilisoma vibaya, nikasema "mlango" mahali nilipoandika "mlima", sikurudia. Nikazima simu, nikaingia dukani nikakaa kwenye giza la ndoo. Hata kuumia sikuumia, mama. Nilijisikia kama nimetoka kumhudumia mteja.

Nje huko kukawaka. Zuwena aliwauliza, "Mtu katoka kuzika juzi, mnampa mgongo? Hii ni hip-hop au ni jela?" Salum akamjibu kwa upole wake ule unaoudhi kwamba sheria inayomwachia aliyeitunga si sheria, na kwamba wakimlegezea Mangi, wiki ijayo kila mtu atakuja anasoma simu kama anayesoma ujumbe wa shemeji yake. (Mangi ndiye mimi. Hapa kila Mchaga mwenye duka ni Mangi, hata asiye na duka kama mimi.) Wakarushiana maneno mpaka mjomba akatoka na fulana ya ndani akawaambia baraza ni lake.

Wakagawana. Zuwena akachukua karibu nusu ya watu, wakaanzisha duara lao kwenye baraza la nyumba ya bibi yake Magomeni, simu ruksa. Salum akabaki na wengine hapa. Kilichonishangaza ni jinsi walivyogawana vyombo. Spika ni ya Salum, maiki ni ya Zuwena, kila mmoja akabeba chake. Basi Kariakoo wakawa na spika isiyo na maiki, wanapiga kelele juu ya mdundo kama wapiga debe, na Magomeni wana maiki nzuri isiyochomekwa popote, wanaishika kwa heshima tu. Katikati ya wiki wakawa wanatumiana mistari ya kusutana kwenye simu. Watu waliokula sahani moja miaka yote wakafika mahali pa kutajiana mama zao.

Pande zote mbili zilinitaka mimi, kwa sababu kila upande ulisema unanipigania mimi. Salum alikuja dukani kununua ndoo, mtu ambaye kwao wana ndoo zetu kumi. Akaigeuza geuza, akasema, "Mangi, ungekuwa mahali pangu ungegeuka?" Nikamwambia ningegeuka wa kwanza. Ndiyo kweli. Akalipa, akaondoka akaiacha ndoo juu ya meza. Zuwena naye akaja, akanivuta mkono mpaka Magomeni Jumapili moja. Nikasoma kwenye simu. Walinipigia makofi mengi mno, bibi yake akanifuta jasho ambalo sikuwa nalo, kila jicho pale linanihurumia. Sikusikia kitu pia. Nikarudi zangu, sikwenda tena huko, wala hapa sikutoka nje siku za duara. Nilikuwa nahesabiwa mtu mwenye busara kwa kukataa kuchagua upande. Watu wakasema Mangi ametulia, Mangi amekomaa. Hawakujua kwamba wangelichoma moto duara lote ningewauliza tu kama wana kiberiti.

Kilichotutoa hapo ni arobaini ya baba. Nilimwambia Salum kwamba sisi Walutheri hatuna arobaini. Akasema yeye hakuniuliza mimi ni dhehebu gani, mzee aliyemlaza kwenye kochi lake hawezi kufikisha arobaini watu wamenuniana. Akafunga duka lao mchana kweupe, kitu ambacho baba yake hajawahi kukiona, akaenda Magomeni kumfuata Zuwena kwa miguu yake. Walichozungumza sikijui. Najua tu kwamba alikaa kwenye mkeka wa bibi akisubiri Zuwena amalize kumsuka mteja, na mteja alikuwa anataka zile rasta ndogo ndogo.

Jana wakaja wote. Zuwena na watu wake walileta maandazi ya bibi kwenye beseni, na maiki imeviringishwa kwenye khanga. Salum akatoa spika na birika la kahawa. Hawakukumbatiana. Zuwena alimpa Salum waya wa maiki, Salum akauchomeka, ikalia ule mlio mbaya wa kutoboa masikio, watu wote wakakunja sura pamoja, na hapo ndipo mtu wa kwanza akacheka. Mjomba akaweka kiti chake mlangoni akakaa kama mzee wa kanisa.

Wakaniita. Zuwena akasema, "Soma tu, Mangi, leo hakuna atakayegeuka." Salum yeye alikuwa ameinamia birika. Mimi simu nilimpa mjomba aishike. Usidhani ni ushujaa, mama. Nilichoka kuwa sababu ya ugomvi wa watu wanaopendana, basi. Nikaingia katikati nikaanza:

Baba hakuimba, kazi yake kuimbisha,
Mkono wake mmoja kwaya nzima uliamsha,
Vitabu mlangoni, macho kwake, hakuna kubabaisha,

Halafu cheupe. Mdundo unakwenda, mimi nimesimama. Mjomba akainua simu kidogo kunionyesha. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nageuka nitoke katikati, ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye birika la kahawa, bila maiki, ya mtu asiyenitazama:

Na ukisahau neno, mdomo wake ulikukumbusha.

Alikuwa Salum. Akaendelea. Mama, mistari yote, mmoja baada ya mwingine, baba na fimbo yake ya kuongozea aliyoichonga kwenye mti wa kahawa, baba na koti la Pasaka, wewe umesimama safu ya pili, mpaka kaburini pale kihambani, katikati ya migomba yetu. Ile sehemu niliyosoma vibaya nayo alisema "mlango". Alinishikia mpaka kosa langu. Kwenye ubeti wa mwisho nikaanza kuyakumbuka maneno kwa kuyafuata mdomoni mwake, jinsi akina shangazi wasiojua kusoma walivyokuwa wakimfuata baba mdomoni, nikaumaliza naye.

Nilipomuuliza aliyapata wapi, alikunja uso kana kwamba nimemuuliza jambo la kijinga.

"Nilikupa mgongo, Mangi. Sikuziba masikio."

Hiyo ndiyo nusu ya baba niliyoisahau. Alichukua vitabu vyao mlangoni, kweli, lakini alisimama mbele akiwatamkia neno kabla halijawatoka. Hakuna aliyewahi kuachwa peke yake katikati ya wimbo. Mimi nilichukua vitabu tu.

Sasa hivi wanabishana upya. Salum anataka sheria ibaki ila anayekwama atajiwe neno na yeyote anayelijua. Zuwena anasema ikiwa hivyo basi kila mtu ajifunze mistari ya wenzake, siyo kusubiri zamu yake akichezea simu pembeni, na yeye simu hatazikataza kwa bibi yake. Kwa hiyo wiki moja tutakuwa hapa, wiki nyingine Magomeni kwa masharti yao, na vyombo vitakuwa vinasafiri pamoja. Leo mchana nimemkuta jamaa mmoja wa mikokoteni wa upande wa Salum, aliyemsuta Zuwena vibaya kuliko wote, anasukuma mzigo huku anajifunza ubeti wa Zuwena, anaukosea, anaanza tena.

Neema aliniambia kwamba siku hizi kanisani unakaa benchi la nyuma, hukai na kwaya. Sikusemi. Ila hao akina mama wa safu ya pili wanayajua maneno yote, mama, hata yale utakayoyasahau.

Nisalimie shangazi anayelala hapo na wewe, mwambie dawa yake ya kifua nimempa Anjela. Msalimie mchungaji, na yule fundi aliyejenga kaburi, alifanya kazi nzuri na sikumshukuru. Msalimie jirani wa chini mwenye mbuzi hata kama mmegombana tena. Neema, wewe nakusalimu mwenyewe, asante kwa kusoma.

Jana sikulia, kama ndicho unachotaka kujua. Watu walikuwa wanasubiri nilie. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, nikasikia harufu ya maandazi, harufu ya kwanza tangu msibani. Bibi hakuwepo, lakini andazi lake lilikuwepo, nikala. Nikala jingine. Zuwena akasogeza beseni lote karibu yangu akaondoka, na mjomba akamtuma mtu alete ugali na samaki, nikala nao, mpaka mlinzi akaja kuuliza chake leo kiko wapi.

Uliponiuliza nilikudanganya. Nilikuwa sili. Krismasi nakuja na Salum, tuwekee kiburu, sufuria ile kubwa.

Ni mimi mwanao, mwenye njaa,
Elibariki