Vibiriti vya Nyumba Moja

Liuli, ziwani

Dada Theresia, shikamoo.

Joto la huku linanimaliza, na kusoma udaktari pamoja na utafiti kunanizeesha. Utafiti wangu wa minyoo unataka choo cha kila mtu, kwenye boksi lake la kibiriti. Leo bibi mmoja kaniletea maboksi ya nyumba nzima, yote kayajaza choo cha mjukuu mmoja.

“Nimekuona umechoka, baba,” akasema. “Sisi tunakula chungu kimoja, tofauti itoke wapi?”

Kisha akanipakulia ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa hili, nikala.

Kahawa yetu huko nyumbani msimpe mnunuzi wa kwanza atakayepita. Mama akiuliza nitamaliza lini, mwambie bado. Akiuliza kama huku kuna anayenihurumia, mwambie yupo, na amenirudisha nyuma wiki nzima.

Mdogo wako,
Kasto