Tausi Chini ya Birika

Jumatatu, 4 Machi

Leo kaja mnunuzi wa vyombo vya zamani. Nimeshampa jina: Bwana Chini-Juu. Kila anachoshika anakipindua, anasoma makalio yake, anakirudisha. Sufuria yangu mpya hata hakuitupia jicho. Kilichomtoa udenda ni birika la mama mkwe – jeupe, limebanduka mdomoni, kifuniko kimefungwa kwa waya! Eti kama ni la Tausi, lile la kiwanda chenye nembo ya ndege chini, atalichukua kwa bei nitakayotaja. Kama si Tausi, ni kopo tu. Birika si lile lile?

Shida, nembo haionekani. Mama kapaka doa jekundu chini, kama vyombo vyake vyote, visipotee vikienda kwenye shughuli za watu. Yuko kwa wifi mpaka Jumamosi. Mwenyewe alisema nipunguze vikorokoro.

Jumatano, 6 Machi

Nimemuuliza Bwana Chini-Juu, kwa nini Tausi? Mara bati lao zito. Mara kiwanda kilifungwa. Mara tausi anayetazama kushoto ni wa zamani kuliko wa kulia. Nikamwambia chai haijui ndege anatazama wapi. Kacheka. Kasema wateja wake wengi wanatafuta birika la mama zao, wengine lile walilolitamani kwa jirani. Sasa jibu ni lipi?

Kaniambia nisugue rangi kwa mafuta ya taa, taratibu. Atapita Jumapili.

Ijumaa, 8 Machi

Chini ya nyekundu kuna bluu.

Nikadhani mama alibadilisha alama. Kisha nikakumbuka. Bluu ni ya mshonaji wa nyumba ya pili, hata ndoo zake zina doa hilo. Yeye na mama walikuwa chanda na pete. Alitoa birika lake litumike kwenye harusi yetu, halikurudi. Mama akaapa alilirudisha. Tangu hapo hawasalimiani, na mimi nimemnunia mshonaji wa watu miaka yote hii, kwa kufuata mkumbo.

Chini ya bluu, tausi. Anatazama kushoto. Nina aibu, na sijui ni aibu ya nani.

Jumamosi, 9 Machi

Mama karudi, kalikuta birika limepinduliwa mezani. Sikuwa hata nimeamua kulificha. Hakufoka. Kavua viatu, kakaa. Kasema enzi zile kila nyumba ya maana ilikuwa na Tausi. Ukiinua kumimina, mgeni aliyekaa anamwona ndege. La kwetu chini halikuwa na kitu. "Basi nikalitaka lake."

Lakini mama – huyo ndege ulimpaka rangi! Hakuna mgeni aliyemwona!

"Hakuna," kasema.

Nimemhurumia na kumkasirikia kwa pamoja. Usingizi sina.

Jumapili, 10 Machi

Mama kanituma nimwite mshonaji, nisiseme sababu. Kaja na futi yake shingoni, kakaa ukingoni mwa kiti. Mama katoka na chai ndani ya birika lile lile. Kaliinua juu kuliko inavyohitajika. Mshonaji katazama chini ya birika: tausi, na bluu iliyobaki pembeni. Kikombe kikajaa, chai ikamwagika kwenye sahani, hakuna aliyesema basi.

Hapo ndipo Bwana Chini-Juu akabisha hodi! Kaliona, kauliza kama tunauza. Mama hakumtazama. Kamwonyesha mshonaji kwa kidevu: "Muulize mwenyewe."

Nimekimbilia jikoni, eti naleta kikombe cha mgeni. Naandika nimesimama. Mshonaji bado hajajibu –